Pigo Moja Dhidi ya Nicanor Arocho

Jumapili, Septemba 7, 1952

Ligi ya milimani imeanza leo, na mvua imeanza nayo. Tumewafunga wageni mbele ya watu waliojifunika magunia vichwani. Nimerudi kwenye meza yangu nyuma ya wavu, na safari hii nina jirani: Padri Anselmo, aliyeletwa hapa kisiwani kutoka Hispania mwezi uliopita, ambaye hajapata kuona besiboli maisha yake yote. Anauliza kila kitu. Nimefundisha shule miaka mingi na bado sijachoka kuulizwa, kwa hiyo tumekaa vizuri.

"Mwalimu, wewe hapa ni hakimu?"

"La, Padri. Mwamuzi ni yule aliyevaa nyeusi. Mimi ni mwandishi wa mchezo. Naandika mpira ulikwenda wapi na nani aliushika."

"Kazi rahisi."

Ni rahisi, isipokuwa kwenye jambo moja. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaugonga kwa gongo lake, kisha anakimbilia besi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne. Akifika salama, lazima mtu aseme kama amefika kwa ubora wa mkono wake au kwa uzembe wa mlinzi aliyepaswa kuudaka mpira. La kwanza tunaliita pigo, na la pili tunaliita kosa. Kwa desturi ya uwanja wetu wa Cerro Hondo, mwandishi husimama mbele ya watu wote: akiinua kitambaa cheupe ni pigo, akiinua kofia yake ni kosa.

Berto, kijana wa nyumbani kwangu, amecheza bila dosari leo. Lakini kila mpira ulipoelekea upande wake, benchi zima la wachuma kahawa lilipiga kelele, "Sabuni, usiteleze."

Jumatano, Septemba 10

Mvua.

Jumapili, Septemba 14

Mvua imetuzuia kucheza. Tumekula mbaazi na wali, na Berto hakumaliza sahani yake.

Berto ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, na amekulia humu ndani tangu akiwa hajui kufunga viatu. Anacheza ulinzi wa kati, maana yake husimama kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali mipira inapokuja kwa kasi zaidi. Mwaka jana kwenye fainali, dhidi ya Palma Sola, zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, ulimjia mpira mlaini ukapita katikati ya miguu yake kama paka anayetoka jikoni. Watu wawili wao walikimbia hadi nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta bao, kombe likaenda Palma Sola. Niliinua kofia. Hapakuwa na la kufikiria. Tangu siku hiyo mji mzima unamwita Sabuni, kwa sababu ya mikono inayoteleza.

"Mama mkubwa," alimwambia mke wangu Lucila leo, "mwaka huu ukiisha kama ule, mimi naondoka. Lori la wakala wa mashamba ya Florida linapita Desemba. Nikitoka huko nakwenda New York kwa binamu, na sirudi."

"Kwa jina la utani? Mimi shuleni nilikuwa naitwa Chura."

"Wewe uliitwa na wasichana wanne. Mimi leo nimeitwa na mwanamke aliyekuwa anauza samaki wa chumvi, hajui hata gongo ni nini."

Lucila aliniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo wa jambo hilo.

Jumapili, Septemba 28

Leo amerusha Nicanor Arocho, na Padri amenyamaza zamu tatu nzima. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizosikia.

Nicanor analima kahawa kule juu kabisa, mahali ukungu hautoki kabla ya saa nne asubuhi. Ni mtu wa miaka thelathini na sita, mkono wake wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, au unaonekana hivyo. Hana kasi kubwa. Alicho nacho ni mpira unaokuja umenyooka kama wa mtu yeyote, kisha karibu na mpigaji unashuka ghafla, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi gizani. Mpigaji anapiga mahali mpira ulipokuwa. Akishindwa mara tatu anarudi kukaa.

"Anafanyaje?" Padri aliuliza mwishowe.

"Nimemuuliza miaka kumi. Anasema anauachia."

Mwaka jana ni yeye aliyekuwa akirusha siku ile ya miguu ya Berto. Berto aliitupa glavu yake chini akaondoka uwanjani. Nicanor aliiokota, na kesho yake akaileta hapa nyumbani ikiwa imepakwa mafuta. Alikunywa kahawa, akasifia kuku wetu, akaenda. Hakutaja mchezo.

Jumatano, Oktoba 1

Mvua. Paa la jikoni linavuja mahali papya.

Jumapili, Oktoba 12

Tumeshinda. Nicanor alikuwa shambani akichuma; hali ya buni ni mbaya. Matunda yameiva yote kwa pamoja na mvua inayaangusha. Anayechuma hana pa kuanika.

Jumapili, Oktoba 26

Tumeingia fainali, na wapinzani ni Palma Sola tena. Nilipopita dukani kwa Moncho Irizarry, ambaye ndiye mwenyekiti wa timu, muuza sukari, kinyozi na msema hovyo wa mji, nilimkuta akimtania Berto mbele ya watu.

"Berto, nimekuletea zawadi ya fainali." Akamwekea kipande cha sabuni ya kufulia juu ya kaunta.

Watu walicheka. Berto alikichukua, akakinusa, akamwambia, "Hiki utakihitaji mwenyewe, Mzee Moncho. Shati hilo naliona tangu Pasaka."

Walicheka zaidi. Lakini usiku alimuuliza Lucila mahali tulipoweka sanduku la marehemu baba yake.

Jumapili, Novemba 2

Mchezo wa kwanza wa fainali, hapa kwetu. Mshindi wa kombe ni anayeshinda michezo miwili kati ya mitatu. Nicanor amerusha zamu zote tisa na kuwaruhusu mapigo mawili tu, yote dhaifu. Tumeshinda mbili kwa sifuri. Wapigaji wa Palma Sola walikuwa wakirudi benchini wakitazama magongo yao kana kwamba yamechongwa vibaya.

Jumapili, Novemba 9

Mchezo wa pili, kwao. Tumefungwa saba kwa tatu. Nicanor hakurusha, mkono unahitaji kupumzika. Sasa ni mmoja kwa mmoja. Kura imeuleta mchezo wa mwisho hapa Cerro Hondo.

Jumapili, Novemba 16

Mvua. Uwanja ni ziwa. Mchezo umeahirishwa.

Alhamisi, Novemba 20

Mvua. Padri ametangaza sala ya kuomba jua. Amesema ni kwa ajili ya kahawa, na hakuna aliyemwamini.

Jumapili, Novemba 23

Mvua. Umeahirishwa tena. Palma Sola wanasema tunaileta mvua wenyewe ili mkono wa Nicanor upone.

Berto amejiandikisha kwa wakala. Lori ni tarehe kumi na mbili. Amesema jina linaweza kufutwa mpaka dakika ya mwisho, lakini alisema hivyo kwa ajili ya Lucila. Sanduku limekwisha kusafishwa na liko chini ya kitanda chake.

Ijumaa, Novemba 28

Jua lilitoka jana saa sita mchana, na leo hakuna wingu hata moja.

Watu wa mahali pengine hawataelewa tulichokifanya leo. Kila mkulima hapa ana gunia la kahawa iliyomenywa inayoota ukungu. Sakafu za kuanikia zote zimelowa na nyingi ziko kivulini. Mahali pekee tambarare, panapokauka upesi, penye jua tangu asubuhi mpaka jioni ni uwanja wa besiboli, sehemu ile ya udongo baina ya besi. Kwa hiyo tunafanya kama tulivyofanya miaka mingine ya mvua: tunatandaza maturubai juu ya uwanja, tunayashika kwa vigingi ili upepo usiyachukue, tunaanika. Siku mbili kabla ya fainali.

Moncho alijaribu kupinga. "Jamani, uwanja huu una kombe Jumapili."

"Na mimi nina watoto Jumatatu," alisema Nicanor. Ni sentensi ndefu kwake. Moncho akaenda kuleta nyundo.

Uwanja wote ulinuka kahawa mbichi. Nicanor alipewa nafasi kati ya besi ya pili na ya tatu.

Jumamosi, Novemba 29

Jua kali. Wanawake wanageuza kahawa kwa reki za mbao. Padri ametembea peku juu ya turubai moja akidhani ni zulia la sherehe, na amekatazwa kwa adabu.

Jumapili, Novemba 30

Nitaandika kwa utaratibu, kwa kuwa kesho nitaulizwa.

Asubuhi kahawa iliondolewa na vigingi vikang'olewa. Kila mlinzi hutengeneza mahali pake mwenyewe. Ndiyo kanuni yetu, na mimi naiona ni nzuri, kwa sababu mtu hawezi kumlaumu mwenzake. Nilimwona Berto amepiga magoti akijaza mashimo ya vigingi kwa viganja, akishindilia kwa kisigino, akamwagia maji, akashindilia tena. Alitumia muda mrefu kuliko wenzake wote.

Mchezo ulianza saa nane. Mpaka zamu ya tatu nilikuwa nimeshajua kwamba naangalia kitu ambacho sijapata kukiona. Nicanor hakuwa na haraka. Alikuwa akipokea mpira, akijifuta mkono kwenye suruali, akirusha. Mpira ulikuwa ukishuka mahali palepale, kwenye goti la mpigaji, kana kwamba kuna rafu pale na yeye anapanga vitu juu yake. Walirudi mmoja baada ya mwingine. Wachache walioweza kuugusa waliupiga chini, taratibu, kwa walinzi. Mitatu kati ya hiyo ilikuja kwa Berto, na yote akaidaka na kuituma besi ya kwanza bila kuonyesha meno wala kukunja uso.

Sisi tulipata bao moja katika zamu ya nne. Lilitosha.

Nieleze jambo moja. Mrushaji akimaliza zamu zote tisa bila mpinzani hata mmoja kupata pigo, huo ni mchezo ambao mji unaweza kungoja miaka hamsini. Na ukiwa unaendelea, hautajwi. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Ni adabu tu. Wachezaji hawamsogelei mrushaji, wauza vitumbua vya samaki wanapunguza sauti, na kila mtu anajifanya anatazama mambo mengine.

Katika zamu ya saba, kimya kikiwa kimetanda, Padri Anselmo aliinama juu ya karatasi yangu na kusema kwa sauti ya mimbarini: "Mwalimu, hawa Palma Sola hawana pigo hata moja?"

Safu tatu za watu ziligeuka. Mwanamke mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. Moncho, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, alisema polepole, "Padri, kwa heshima yote, hebu nenda ukabatize mtu."

Zamu ya nane. Wapinzani wawili walikuwa wameshatolewa, na wa tatu akitolewa zamu inakwisha. Akaja Casiano, mpigaji wao mkubwa, mtu mwenye shingo kama gogo. Nicanor alimrushia mpira uleule wa kushuka na Casiano aliugusa kwa chini, ukaruka chinichini kuelekea kwa Berto. Haukuwa wa kasi ya kutisha. Berto alikuwa pale. Nasema nilichokiona: magoti yamekunjwa, glavu iko chini imefunguka, mkono wa pili juu yake, macho kwenye mpira. Kijana alikuwa amekaa kama picha ya kitabu cha mafunzo.

Hatua moja mbele yake mpira uligonga kitu ardhini, ukaruka juu ya bega lake karibu na sikio na kwenda zake majanini. Casiano alisimama kwenye besi ya kwanza, yeye mwenyewe akishangaa.

Watu wote waligeuka kuitazama meza yangu.

Jicho langu lilikuwa limeshamaliza kazi yake. Kanuni inasema pigo ni mpira ambao mlinzi wa kawaida, kwa juhudi ya kawaida, asingeweza kuudaka. Na mpira ulioruka visivyo kwa sababu ya ardhi ni pigo, hata kama mlinzi alikuwa amesimama mbele yake. Lakini nilikaa. Nilimwona Nicanor kwenye kichuguu chake cha kurushia, angepoteza mchezo wa miaka hamsini kama ningeinua kitambaa. Nilimwona Berto, angekuwa Sabuni mpaka kaburini kama ningeinua kofia. Na nilijua kwamba nikiinua kitambaa, hakuna mtu atakayesema Mwalimu Eladio ameona shimo. Watasema Mwalimu Eladio ameona mtoto wa mdogo wake.

Nikasimama, nikainua kitambaa.

Sijapata kupigiwa miluzi namna ile maishani mwangu, hata na wanafunzi. Nicanor alinitazama, akatikisa kichwa mara moja kama mtu anayekubali bei, akamgeukia mpigaji aliyefuata na kumtoa kwa mirusho mitatu. Katika zamu ya tisa akawatoa wengine watatu. Moja kwa sifuri. Kombe letu. Pigo moja.

Watu walimbeba Nicanor. Bendi ilipiga. Hakuna aliyenisogelea isipokuwa Padri, aliyesema, "Nadhani leo sisi wawili tunapaswa kupita njia ya nyuma."

Tulipita njia ya nyuma.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Moncho alikuja kabla sijavua viatu. Hakuleta utani.

"Mwalimu, ripoti yako inakwenda ofisi ya ligi kwa basi la kesho saa sita. Mpaka saa sita unaweza kubadilisha."

"Naweza."

"Basi badilisha. Andika kosa. Kombe lipo, hakuna anayeumia. Nani ataumia?"

"Mlinzi."

"Berto? Berto ameshazoea." Kisha akaona amesema vibaya, akashusha sauti. "Mimi sisemi unampendelea. Lakini watu wanasema, na mimi ninawanyoa, nawasikia wote."

"Mwaka jana niliinua nini, Moncho?"

"Kofia."

"Kwa mtoto wa nani?"

"Mwaka jana kila kipofu aliona," alisema. "Leo umeona wewe peke yako." Akaaga vizuri, akasahau mwavuli wake.

Nilidhani yamekwisha. Tulipokaa mezani Berto alisema, bila kuinua macho:

"Bamkubwa, iandike kosa."

Lucila aliweka kijiko chini.

"Ulikuwa kosa?" nilimuuliza.

"Hiyo si hoja. Nimesema iandike. Mimi naondoka tarehe kumi na mbili, jina langu hapa halina kazi tena. Yeye anabaki. Mpe mchezo wake. Aliniletea glavu yangu, bamkubwa. Mtu mwingine angenipiga nayo."

"Nimekuuliza, ulikuwa kosa?"

"Uliruka." Alisema kwa shida, kama mtu anayetapika mwiba. "Ulikuwa unakuja mkononi, ukaruka. Lakini nani anataka kujua hayo? Ukiniokoa wewe, mimi si Sabuni tena, ni Sabuni mwenye mjomba serikalini."

"Bamkubwa," Lucila alisahihisha. "Mjomba ni upande wa mama yako."

Hakuna aliyecheka, lakini mikono ya kila mmoja wetu ilirudi kwenye chakula.

Jumatatu, Desemba 1

Sikulala vizuri. Asubuhi, umande haujakauka, niliteremka uwanjani. Sikwenda kutafuta ushahidi. Uamuzi wa mwandishi hautegemei ushahidi wa kesho yake. Nilitaka tu kusimama pale.

Nicanor alikuwa ameshafika. Alikuwa amechuchumaa kati ya besi ya pili na ya tatu, pava yake, ile kofia ya majani, imewekwa kando. Mbele yake palikuwa na shimo la kigingi. Udongo uliojazwa jana ulikuwa umekaa vizuri pande zote, lakini katikati umezama, kama keki iliyotolewa mapema. Kando yake palikuwa na alama mbichi, mahali mpira ulipopiga ukingo.

"Amelijaza," alisema Nicanor.

"Nilimwona akilijaza."

"Hili lilikuwa refu mno. Nilipigilia kwa nguvu, niliogopa upepo." Aliingiza vidole viwili ndani mpaka vifundo. "Hili ni turubai langu, Mwalimu. Kigingi changu."

Ng'ombe wa mtu alikuwa ameingia upande wa nyasi.

"Moncho alikuja kwangu jana," alisema. "Anasema bado unaweza kuandika kosa."

"Naweza mpaka saa sita. Wewe unataka?"

Alifikiri. Nilimheshimu kwa kufikiri. Mtu anayejibu haraka swali kama lile anakuwa amejiandaa kuonekana mwema.

"Ndiyo," alisema. "Nataka. Usiku wote nilikuwa nataka. Ile mipira, Mwalimu, sitaweza kuirusha tena hivyo. Niliisikia ikitoka mkononi." Alijipangusa vidole. "Kwenye karatasi yako kuna mahali pa kuandika kosa la mrushaji aliyepigilia kigingi?"

"Hapana."

"Basi acha pigo."

Alichota udongo kwa viganja, akalijaza shimo upya, akashindilia kwa ngumi. Kisha akavaa kofia akaelekea mjini badala ya kupanda kwake.

Ripoti ilipanda basi kama nilivyoiandika.

Jumatano, Desemba 3

Nimesimuliwa na Padri, aliyekuwa kwenye kiti cha kinyozi na hivyo hakuweza kukimbia. Nicanor aliingia dukani kwa Moncho juzi asubuhi, akaagiza kahawa, jambo ambalo halifanyi kamwe kwa sababu anasema kahawa ya Moncho ni maji ya kuoshea kikombe. Watu walianza: Mwalimu amekudhulumu, Mwalimu amemfichia mtoto wake. Nicanor aliwaacha wamalize.

"Nani alipigilia kigingi pale?" aliuliza.

Hakungoja wakumbuke.

"Ni mimi. Nani alileta nyundo?"

Wote wakamgeukia Moncho.

"Mimi nilipinga," alisema Moncho.

"Ulipinga, kisha ukaleta nyundo. Basi sisi wawili ndio tuliompa Casiano pigo lake. Kijana alikuwa amekaa vizuri kuliko mlinzi yeyote niliyewahi kucheza naye. Mwenye la kusema aniambie mimi." Akanywa kahawa yote, akaweka kikombe, akasema, "Bado mbaya," akaondoka.

Padri anasema hayo ndiyo mahubiri mafupi zaidi aliyoyasikia tangu atue kisiwani, na anatafakari kama aige.

Jumamosi, Desemba 6

Berto haongei nami sana. Leo alinikuta nikilisha kuku akasimama mlangoni.

"Nikuulize, bamkubwa. Ningekuwa si mtoto wa mdogo wako, ungeinua nini?"

"Kitambaa."

"Una hakika?"

"Ningekiinua mapema zaidi. Ni kwa sababu ni wewe ndiyo nilikaa vile."

"Ulikaa sana," alisema. "Nilikuwa nahesabu kokoto."

"Najua. Jambo hilo lilikuwa na kasoro. Kwa kuchelewa nakuomba radhi; kwa kitambaa sikuombi."

"Sijasema uombe," akajibu, na akachukua kopo la mahindi mkononi mwangu akamalizia kazi.

Jumatatu, Desemba 8

Mvua kidogo. Kahawa ya Nicanor imeuzwa daraja la kwanza.

Ijumaa, Desemba 12

Lori lilikuja uwanjani mwa kanisa saa kumi na mbili asubuhi. Lucila alikataa kutoka, kisha akatoka, kisha akarudi kuchukua shali, kisha akatoka tena. Vijana walikuwa wengi, kila mmoja na sanduku na mama.

Moncho alikuwa anafungua duka. Alipomwona Berto alipiga kelele kutoka mlangoni, "Kigingi! Nasikia huko Florida udongo ni mlaini. Usije ukazama."

Kundi zima la wanaume waliokuwa wakingoja kahawa waliangua kicheko. "Kigingi," wakasema, mmoja baada ya mwingine, wakilionja jina jipya mdomoni. Niliona uso wa Berto ukijifunga kwa mazoea, kisha ukafunguka.

"Mzee Moncho," alisema, "mwenye nyundo ndiye wa kunyamaza."

Wakamcheka Moncho. Mmoja wao akaja kumbebea sanduku mpaka kwenye lori, akilalamika kwamba ni zito. Nicanor hakuwapo; alikuwa juu, akipogoa mibuni.

Wakala alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori, akiwaita mmoja mmoja na kuwauliza muda wa mkataba. Wengi walisema mwaka mzima. Wengine walisema bila kikomo, kama Berto alivyosema alipojiandikisha. Zamu yake ilipofika, wakala alikuwa ameshainama kuandika.

"Adalberto. Bila kikomo, sivyo?"

"Mpaka Agosti," alisema Berto.

"Agosti? Agosti ndiyo tunawahitaji zaidi kule kaskazini. Kuna nini Agosti?"

"Agosti hakuna kitu. Ligi yetu inaanza Septemba."

Wakala alinitazama mimi, mzee mwenye shali la mke wake mkononi, kana kwamba nitamrekebisha kijana. Nilimwambia kwamba ni kweli, kwamba mara nyingi huanza Jumapili ya kwanza, mvua ikiruhusu, na kwamba mlinzi wa kati anahitaji angalau wiki mbili za mazoezi kabla, kwa sababu mipira inayokuja pale ni ya kasi kuliko mahali pengine popote uwanjani. Nilikuwa naanza kumweleza sababu yake pale Lucila aliponivuta mkono.

"Eladio," alisema, "mwache mtu aandike."

Akaandika Agosti.